Butembo na Beni: wenye aparei za pelikili wanaeleza kwa nini hawazitupi

Katika nyumba nyingi za Butembo, ukiuliza kama kuko aparei ya foto ya zamani, jibu la kwanza ni kicheko. La pili ni: ngoja niangalie juu ya kabati. Kutoka huko juu kunashuka mfuko wa ngozi uliokauka, na ndani yake chuma kizito chenye jicho la kioo. Pentax, Yashica, Canon, Zenit. Haina ekrani, haina chaja, haijui intaneti. Mwenyewe anazungusha kioo kwa mkono mpaka sura inakuwa safi, anavuta kile kimkono cha kupeleka pelikili mbele, anafinya, na unasikia « klak ». Foto utaiona kesho, ao kisha wiki mbili.

Mimi ni mtu wa sendika ya wafanyakazi wa migodi, si mtu wa studio. Kazi yangu ni mikataba, ajali, na malipo ya wajane. Lakini kazi hiyo imenipeleka mara nyingi mbele ya hizi aparei, juu ya sababu moja: mfanyakazi wa mgodi anaacha alama kidogo sana duniani. Anashuka chini ya udongo, dhahabu inapanda, inavuka mpaka na kwenda mbali, na jina lake haliandikwi popote. Siku anafunikwa na shimo, simu yake inafunikwa naye. Hapo familia inaanza kutafuta sura yake, na mara nyingi sura inapatikana ndani ya sanduku la mtu mwenye aparei ya pelikili.

Kwa hiyo nilizunguka kwa wenye aparei, Butembo na Beni, kuwauliza wanaishi nazo namna gani.

Chuma kisichoomba umeme

Aparei niliyoonyeshwa kwa heshima kubwa ni Pentax K1000. Wajapani walianza kuiuza mwaka wa 1976, na iliendelea kutengenezwa mpaka 1997, kwanza Japani, kisha Hong Kong, mwisho China. Zaidi ya milioni 3 zilitoka. Hesabu nzuri kwetu: ilizaliwa wakati wa Zaire, ikaacha kutengenezwa mwaka ule ule Zaire ilipokufa.

Mzee mmoja wa Butembo, aliyefanya kazi ya studio kwa miaka mingi, anasema uzuri wake ni kwamba haina mambo mengi. Kuko batri moja ndogo kama kifungo cha shati, lakini hiyo ni ya sindano ya kupima mwanga tu. Batri ikikufa, aparei inaendelea kupiga, juu pazia lake la ndani linasukumwa na springi, si na umeme. Wakati Butembo ilikuwa mji wa jenereta, kila mfanyabiashara na mashine yake ikinguruma nyuma ya duka, kitu kisichoomba umeme kilikuwa mali.

Ila kuko jambo moja ambalo kila mwenye K1000 anakwambia kabla hujauliza: haina kifungo cha kuzimia. Mwanga ukiingia, sindano inafanya kazi na batri inakulwa. Dawa yake ni kifuniko cha kioo. Ukimaliza kupiga, funika. Mzee alikuwa anawafundisha vijana wake hivyo kama vile mama anafundisha mtoto kufunga mlango.

Na batri ikikosekana kabisa? Wazee wa kazi wana kanuni ya jua, na inafaa sana kwetu, maana ikweta inapita kidogo tu kusini ya Butembo. Mchana wa jua kali, weka tundu la mwanga kwenye 16, na weka mwendo wa pazia karibu na namba iliyoandikwa kwenye pelikili. Pelikili ya 100, mwendo wa 125. Pelikili ya 200, mwendo wa 250. Mawingu yakija, fungua tundu mpaka 8. Chini ya mti, fungua zaidi, 5.6 ao 4. Mtu akizoea, macho yake yanakuwa ndiyo sindano.

Zenit, aparei ya mkono mgumu

Fundi wa saa mmoja, naye wa Butembo, anachunga Zenit-E. Hiyo ni ya Warusi, ilianza kutengenezwa mwaka wa 1965 katika kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow. Ukiishika unafahamu: pamoja na kioo chake cha Helios inakaribia kilo moja. Fundi anasema ukiiangusha, kwanza unaangalia simenti kama haikupasuka.

Ina ubaya wake. Mwendo wake wa polepole zaidi unaojipima wenyewe ni sehemu ya 30 ya sekunde, na wa haraka zaidi ni sehemu ya 500. Katikati ya hiyo yote, huna mengi ya kuchagua. Dirisha lake ni la giza, kwa hiyo jioni kuitafuta sura ni kazi. Sindano yake haitumii batri hata kidogo: inakula mwanga wenyewe, kwa kipande cha seleniamu kilicho juu ya kioo. Lakini seleniamu inazeeka. Nyingi ya hizi Zenit leo zina sindano iliyolala, na mwenyewe anarudi kwenye kanuni ya jua.

Kwa nini basi hajaiuza? Fundi anasema ni aparei ambayo anaweza kuifungua kwa bisibisi zake za saa, akaona kila jino la gurudumu, akafahamu ugonjwa uko wapi. Simu ikikufa, wanakwambia nunua ingine. Sisi watu wa mgodi tunajua mashine ya namna hiyo: pampu ambayo fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza ina faida kuliko pampu mpya inayongoja kipande kutoka ng'ambo.

Sura ya mtu mweusi kwenye mdomo wa shimo

Kupiga foto ya mchimbaji si kama kupiga ya arusi. Mtu anatoka shimoni, uso umejaa udongo, na nyuma yake mbingu ni nyeupe. Sindano inaona mbingu, inasema mwanga ni mwingi. Ukiifuata, utaleta nyumbani foto ya kivuli bila macho. Wapiga foto wa kwetu walijifunza dawa: sogea karibu, pima mwanga juu ya uso wa mtu, kisha rudi nyuma upige bila kugusa namba. Sindano ikisema nini kuhusu mbingu, usiisikilize.

Hii haikuwa ujinga wa wapiga foto wa Afrika. Kwa miaka mingi pelikili za rangi zilipimwa kwa ngozi ya wazungu. Kodak ilikuwa inatumia maabara karatasi yenye foto ya mwanamke mzungu, na mafundi walirekebisha rangi mpaka yeye aonekane vizuri. Mtu mweusi alitoka namna alivyotoka. Kwa hiyo kila mpiga foto wa Butembo aliyetoa sura nzuri ya baba yako, na abacost yake, na macho yake yanaonekana, alikuwa amefanya kazi ambayo kiwanda hakikumsaidia.

Na pelikili ilileta adabu. Roli moja ina foto 24 ao 36. Kila klak ni franga. Mpiga foto hakufinya mara kumi kwa bahati nasibu. Aliwapanga watu, aliwaambia waliofupi waje mbele, alimwambia mmoja afunge kifungo, alizungusha kioo mpaka sura zitulie, na watu wote walisimama kama watu. Angalia foto za timu za zamani: hakuna aliyekatwa kichwa, hakuna anayekula. Wanajua kwamba wanaandikwa.

Beni: unyevu, kukimbia, na wafu wasioguswa

Ukishuka kutoka Butembo kwenda Beni, kilometa 54, mahali pako chini na joto linaongezeka. Huko adui wa kwanza wa aparei ni ukungu. Unaingia ndani ya kioo na kuota kama nyuzi za buibui, na foto zinakuwa na moshi. Mama mmoja wa Beni, aliyeachiwa Yashica na bwana yake, alifikiri mfuko wa ngozi unailinda. Kumbe ngozi inachunga maji. Fundi alimwambia aitoe mfukoni, aiweke mahali penye hewa na mwanga, na mara kwa mara aifungue kioo mbele ya jua la asubuhi. Ukungu unapenda giza. Ule mfuko abaki nao kama ukumbusho.

Adui wa pili si wa hewa. Tangu mauaji ya eneo la Beni yalipoanza mwezi wa 10 mwaka wa 2014, watu wameacha nyumba zao mara ngapi? Mtu akikimbia usiku anashika mtoto, anashika sufuria, pengine karatasi za shamba. Albamu inabaki. Nimezungumza na familia zilizorudi na kukuta nyumba imechomwa, na hawana hata sura moja ya babu. Wengine walipata sura hizo tena kwa njia moja tu: mpiga foto wa mtaa alikuwa amechunga negatifu.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 ya mwezi wa 8 mwaka wa 2018, ikianzia upande wa Mangina, ikafika Beni na Butembo, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 ya mwezi wa 6 mwaka wa 2020. Zaidi ya watu 2200 walikufa. Wale waliofiwa wanakumbuka namna ilivyokuwa: maiti haiguswi, haiogeshwi na ndugu, inaingia katika mfuko na watu waliovaa kama wageni wa dunia ingine wanaizika. Kwa familia nyingi, kilichobaki cha kushika ni foto. Yule mama wa Beni aliniambia kwamba wakati huo watu waligonga mlango wake kuuliza kama marehemu bwana yake aliwahi kumpiga foto mama yao, ao kaka yao. Alifungua sanduku la negatifu, wakaziangalia moja moja mbele ya dirisha.

Negatifu njo mali yenyewe

Hapa kuna jambo ambalo vijana wetu hawalijui, na si kosa lao. Foto ya karatasi ni mtoto. Mama yake ni negatifu, ule ukanda mdogo ambamo watu weusi wanaonekana weupe na shati jeupe linaonekana jeusi. Karatasi ikichomwa, ikinyeshewa, ikiibwa, mama anaweza kuzaa tena. Negatifu iliyosafishwa vizuri na kuoshwa vizuri inaishi miaka mingi kuliko mtu.

Wacongo tuna mfano wake. Jean Depara alinunua aparei ndogo ya Adox mwaka wa 1950, kwa ajili ya arusi yake. Kwa aparei alipiga maisha ya Kinshasa: baa, vijana, wanamuziki. Alikufa mwaka wa 1997. Dunia ilikuja kumjua kwa sababu negatifu zilikuwa zingali.

Na kwetu katika kazi? Nitasema kisa kimoja, bila jina la kampuni. Kampuni hiyo ya zamani ilifunga, vitabu vya wafanyakazi vikapotea. Mzee mmoja alidai miaka yake ya kazi, akaambiwa hayumo. Alileta foto ya timu: watu 14 mbele ya hangari, na nyuma ya karatasi kumeandikwa majina na mwaka kwa bik. Foto si cheti, na mtu wa sendika hawezi kuwadanganya kwamba ofisi italipa juu ya foto. Lakini kwa majina yale tulitafuta wengine, tukapata 3 walio hai, nao wakaja kushuhudia. Foto ilifungua mlango ambao maneno yake peke yake hayakuufungua. Negatifu ingekuwa imetupwa, na karatasi ile kuliwa na mchwa, mzee angebaki anasema peke yake.

Aparei na haki, toka zamani

Kabla ya sendika yoyote kuruhusiwa katika nchi hii, foto ilikuwa imeshafanya kazi ya sendika. Mwaka wa 1904, huko Baringa, mtu mmoja wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala, alikuja kwa wamisioni wa Kiingereza akiwa ameshika mabaki ya mtoto wake Boali, mkono na mguu, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama Alice Seeley Harris alimpiga foto, Nsala ameketi kwenye baraza, anaangalia. Foto hiyo na zingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano, na watu waliosoma ripoti bila kutikisika, walitikisika. Mwaka wa 1908 mfalme Leopold alinyang'anywa Congo, ikawa mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Foto haikufanya hayo peke yake, na mateso hayakuisha siku hiyo. Lakini mfalme alikuwa na magazeti ya kumtetea, na ile negatifu hakuweza kuibishia.

Karibu na siku zetu, Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka wa 1978, alikamata foto za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, zilizopigwa na wakoloni, akazibandika juu ya foto mpya za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Kazi hiyo ya mwaka wa 2006 inaitwa Mémoire. Wale watu wamesimama tena kati ya vyuma vyenye kutu, wanatuangalia. Angefanya nini kama mtu fulani angekuwa amechoma foto zile ili kusafisha kabati?

Kwetu huku Kivu pia kampuni zilikuwako. Minière des Grands Lacs ilichimba dhahabu wakati wa Wabelgiji, na mwaka wa 1976 iliingia pamoja na zingine ndani ya SOMINKI. Babu zetu walifanya huko. Foto zao ziko wapi? Nyingi ziko juu ya makabati yale yale.

Fedha ndani ya pelikili, coltan ndani ya simu

Mchimbaji anapenda kujua kitu kimetengenezwa na nini. Basi ajue hivi: kinachoshika mwanga ndani ya pelikili ni chumvi za fedha, ile madini ya fedha, zilizochanganywa na jelatini inayotoka kwenye mifupa na ngozi za wanyama. Mwanga ukigusa chumvi ile, inageuka. Dawa ya kwanza inaonyesha sura, dawa ya pili inaondoa fedha isiyotumika, na ndiyo sababu maji ya dawa ya pili yana fedha ndani yake.

Na simu? Ndani yake kuna tantali, inayotoka kwenye coltan, kama ile ya Rubaya. Kwa hiyo katika aparei zote mbili kuna jasho la mchimbaji. Tofauti ni kwamba ile ya fedha inakuachia kitu mkononi.

Sisemi simu ni mbaya. Shimo likianguka, simu inapiga, inatuma, redio inajua kisha dakika tano, na msaada unatoka. Pelikili haiwezi. Pia pelikili imekuwa ghali na ni ya kuagiza kwa wanaosafiri, na maabara za rangi zimefunga. Wale wachache wanaoendelea wanapiga ya nyeusi-nyeupe, juu hiyo mtu anaweza kuisafisha mwenyewe ndani ya chumba cha giza, na ndoo, na maji safi. Lakini simu inaibwa kwenye barabara, inaanguka majini, inafungwa na kodi ambayo marehemu peke yake aliijua. Wajane wangapi wameniletea simu iliyofungwa?

Cha kufanya

Wenye aparei walinipa mashauri, na mimi naongeza ya sendika.

Kama mko na aparei ya zamani nyumbani, itoeni kwenye ngozi, toeni batri iliyoanza kuoza kabla haijavuja, vuteni kimkono na kufinya mara chache kila mwezi, ili pazia lisigande. Msipake mafuta ya pikipiki. Ile spanji nyeusi ya mlango wa nyuma ikiwa imekuwa kama lami, fundi anaweza kuibadilisha. Bila hiyo mwanga unaingia.

Kama mko na negatifu, msizishike katikati kwa vidole, shikeni pembeni. Ziwekeni ndani ya karatasi kavu, si ndani ya plastiki iliyofungwa. Mtu mwenye simu nzuri anaweza kuziweka mbele ya dirisha jeupe, akazipiga, na programu ya simu ikageuza nyeusi kuwa nyeupe. Kwa hiyo simu na pelikili vinaweza kusaidiana.

Kama mko na foto za karatasi, mwite mzee wakati angali na akili safi, mwambie ataje majina, na mwandike nyuma kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani. Wazee wanasemaka: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa PDG wa mashimo, kwa viongozi wa timu, kwa wakubwa wa koperative: mara moja kwa mwaka, simamisheni watu wote mbele ya shimo, mama wanaosafisha mchanga nao wawemo, mpigeni foto moja ya kweli, kwa pelikili kama kuko mwenye nayo, kwa simu kama hakuna. Kisha ichapishwe kwenye karatasi, majina yaandikwe nyuma, nakala moja ibaki kwa koperative na ingine kwa familia ya kila mtu. Mchimbaji wa mkono hana mkataba. Angalau awe na jina lake nyuma ya foto, na watu 14 wanaoweza kusema: huyu tulifanya naye.